Garissa Iandikwe Vipi? Mjadala Kuhusu Makala Nzuri ya Kamusi Elezo

Kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea haina mhariri mkuu wala dawati la kupokea miswada. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, huendeshwa hivyo: yeyote mwenye simu anaweza kubonyeza "hariri", na yeyote anayekuja baada yake anaweza kufuta alichokiandika. Maneno yapi yabaki na yapi yaondoke huamuliwa kwa hoja, kwenye ukurasa wa majadiliano ambao kila makala inao. Ndiyo maana makala nzuri, hata ikisomeka kwa utulivu, mara nyingi ni zao la mabishano marefu. Mjadala ufuatao unahusu eneo moja ambalo mabishano hayo ni makali na yana faida: Garissa na kaunti jirani za Wajir na Mandera, yaani uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya. Sauti ni tatu, zote za kubuniwa kwa ajili ya hoja: Mhariri aliyezoea kanuni za kamusi elezo, Mwalimu wa historia mjini Garissa, na Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika kwa simu yake.

Wanaanzia pale ambapo makala yenyewe huanzia.

Mwanafunzi: Jina la Garissa likitajwa nje ya Kenya, wengi hukumbuka tarehe moja tu, 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walipovamia chuo kikuu cha mji huo na kuua watu 148. Mji mzima umefungiwa ndani ya siku moja. Basi makala ianze kwa kuurudishia heshima yake: Garissa ni mji wa amani, watu wake ni wakarimu na maendeleo yake ni ya kasi.

Mhariri: Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa kuhusu Kisumu, Tabora au Goma, likabadilishwa jina peke yake. Sentensi ya kwanza humweleza msomaji kitu chenyewe ni nini na kiko wapi: "Garissa ni mji wa Kenya ulioko ukingo wa mashariki wa mto Tana, na ni makao makuu ya Kaunti ya Garissa." Zinazofuata zitaje mji unaishi kwa nini: soko lake kubwa la mifugo, na barabara itokayo Nairobi kuelekea Dadaab na Liboi mpakani mwa Somalia. Sifa zikitakiwa, zisemwe na mtu anayetajwa jina, katika chapisho linalotajwa.

Mwalimu: Na hayo maneno "ukingo wa mashariki" yasidharauliwe. Ng'ambo ya daraja, upande wa magharibi, kuna Madogo. Wakazi wake huvuka kuja Garissa kwa biashara na matibabu, lakini Madogo iko Kaunti ya Tana River. Mwandishi wa mbali huangalia ramani, akaona mji mmoja, akaandika kaunti moja. Mpaka wa kaunti hizo mbili una ugomvi wa miaka mingi, kwa hiyo neno moja lililowekwa kwa haraka linaweza kumfanya mwandishi achukue upande katika kesi asiyoijua.

Kuhusu vivumishi, Mhariri ana haki. Lakini Mwanafunzi amegusa jambo zito kuliko alivyolieleza, nalo ni uwiano. Makala ya mji inayotumia nusu ya maneno yake kwa shambulio moja inapendelea, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli. Shambulio lipewe makala yake kamili, yenye majina, saa na matokeo ya kesi. Katika makala ya mji lipate aya moja isiyoficha kitu. Aya nyingine zijazwe na mambo ambayo vyombo vya habari hayavishughulishi sana. Kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati zipatazo 50 uliozinduliwa Desemba 2019. Kuna Wamunyoyaya, wakulima na wavuvi wa kandokando ya Tana, ambao hawaonekani kabisa katika maandishi yanayodhani kwamba kila mkazi wa Garissa ni mfugaji Msomali. Na kuna hirola.

Hirola anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu anaonyesha makala inavyopata uzito. Ni swala wa rangi ya hudhurungi, mwenye pembe zilizopinda na mistari myeupe machoni inayofanana na miwani. Kiasili hapatikani popote duniani ila katika nyika za mpaka wa Kenya na Somalia, hasa upande wa Garissa, na waliobaki wanakadiriwa kuwa 500 au pungufu. Hifadhi ya Arawale ilitengwa kwa ajili yake miaka ya 1970. Baadhi yao walihamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963 na tena 1996. Kule Ijara, hifadhi ya kijamii ya Ishaqbini imekuwa tangu 2012 na eneo lililozungushiwa uzio ili wazaliane bila kuwindwa na simba na fisi. Kila dai hapa lina mahali pa kulithibitisha, na hakuna hata moja linalosema kwamba hirola ni mnyama wa ajabu. Msomaji akimaliza aya hiyo, atakuwa amekwisha kusema hivyo mwenyewe.

Ugomvi mkubwa unakuja kwenye vyanzo. Kamusi elezo ina kanuni tatu zinazoshikamana: kila dai lithibitike kwa chapisho la kuaminika, mwandishi asiegemee upande, na utafiti mpya usichapishwe humo kwa mara ya kwanza.

Mwalimu: Kanuni hizo zinaiumiza Kaskazini Mashariki kuliko sehemu nyingi. Historia ya watu wa huku imetunzwa katika mashairi ya Kisomali, katika nasaba na katika vifua vya wazee. Na kilichoandikwa, nani alikiandika? Sheria ya kikoloni ya 1902 kuhusu wilaya za pembezoni ilikuja kutumiwa kuifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ile ya 1934 ikawaongezea maofisa mamlaka juu ya makabila. Mgeni hakuingia bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vilivyoitwa vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Kwa miongo yote hiyo aliyekuwa na taipureta alikuwa mkuu wa wilaya. Anayedai chanzo kilichochapishwa, mara nyingi anadai sauti ya mkuu wa wilaya.

Mhariri: Hilo ni kweli, lakini Mwalimu afikirie upande wa pili. Mzee wa Balambala akihojiwa leo, msomaji wa Mbeya atayahakikishaje maneno yake? Na mzee wa ukoo mwingine akisimulia kisa kilekile kwa namna nyingine, mhariri wa kujitolea aliyeko Arusha atamwamini yupi? Mwaka 2011 lilifanyika jaribio nchini India na Afrika Kusini la kurekodi mahojiano na kuyatumia kama marejeo ya Wikipedia. Wahariri wengi wa toleo la Kiingereza hawakulikubali, na sababu yao kubwa ilikuwa hiyohiyo: kurekodi sauti hakutoshi kuonyesha kwamba kuna mtu mwingine aliyeipima.

Mwanafunzi: Kwa hiyo mzee anyamaze mpaka mzungu aje kumwandikia kitabu?

Mwalimu: Hapana, mwanangu. Salah Abdi Sheikh si mzungu.

Jibu hilo la Mwalimu linahitaji kuelezwa. Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir, vikawazuia siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Kwa muda mrefu habari hiyo iliishi kwa mdomo. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir, aliipeleka bungeni, na hapo ikaingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh alitoa kitabu kizima kuhusu mauaji hayo. Kisha Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikawasikiliza manusura na kuweka ushahidi wao katika ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Maneno ya wazee yaligeuka kuwa vyanzo kwa kazi ya watu wenye subira, na leo mwandishi wa makala anaweza kuvitaja bila kuvunja kanuni yoyote.

Lakini kuwa na vyanzo hakumalizi ugumu. Idadi ya waliokufa Wagalla haikubaliwi na wote. Serikali ilitaja watu 57, ilhali makadirio mengine yanafika 5,000. Mwandishi mchanga hujaribiwa na njia mbili mbaya. Ya kwanza ni kuchagua nambari inayomridhisha na kuinyamazia nyingine. Ya pili inajionyesha kuwa ya haki: kutafuta nambari ya katikati, kana kwamba ukweli unapatikana kwa kugawanya kwa mbili. Hiyo ni kuzua nambari ya tatu isiyo na mwenyewe. Njia iliyonyooka ni kuandika kila nambari pamoja na aliyeitoa na mwaka alioitoa: serikali ilisema hivi, manusura walieleza hivi mbele ya tume, mwandishi fulani alikadiria hivi. Kutopendelea hakumlazimu mwandishi kuyatilia shaka mauaji yenyewe, kwa sababu kutokea kwake hakubishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni idadi, na ni hapo tu panapohitaji sauti nyingi.

Mwanafunzi anarudi kwenye jambo la kila siku: makala fupi. Wikipedia ya Kiswahili huziita mbegu. Kuhusu kata za Kenya, nyingi hazizidi sentensi moja yenye jina la kata, eneo bunge, kaunti na nchi.

Mwanafunzi: Mbegu za namna hiyo zina faida gani? Kata ya Dertu ipo Dadaab. Kwa kuambiwa hivyo tu, nani ameshaijua?

Mhariri: Mbegu ni ahadi. Isipomwagiliwa ni afadhali isingepandwa, maana msomaji hufika akakuta mlango bila nyumba. Lakini Dertu ni mbegu nzuri kuliko inavyodhaniwa.

Na kweli ni nzuri. Makazi ya Dertu yalikua kuzunguka kisima kilichochimbwa mwaka 1997 kwa msaada wa UNICEF. Wafugaji walifuata maji, wengine wakabaki. Mwaka 2006 pakachaguliwa kuwa mojawapo ya Vijiji vya Milenia, mradi wa mchumi Jeffrey Sachs uliokusudia kuonyesha kwamba ufukara unaweza kung'olewa kijiji kwa kijiji. Ripoti za mradi zilieleza mafanikio. Mwaka 2013 mwandishi Nina Munk alitoa kitabu kilichoieleza Dertu kwa namna tofauti sana, akionyesha mahali ambapo mipango iligongana na maisha ya ufugaji wa kuhamahama. Aya nne zinatosha: maji, makazi, mradi, na hukumu mbili zinazopingana, kila moja na mwenyewe. Mwalimu angeongeza ya tano kuhusu hali ya kisima baada ya wafadhili kuondoka, na hapo angeambiwa asubiri mpaka mtu aichunguze na kuichapisha. Kusubiri huko kunaudhi, lakini ndiko kunakomfanya msomaji aziamini zile aya nne.

Mwanafunzi ana pendekezo la haraka. Makala za Kiingereza kuhusu Dadaab, Garissa na hirola zipo tayari na ni ndefu. Mashine hutafsiri kwa dakika moja. Kwa nini watu wakeshe?

Mhariri: Toleo la Kiskoti lilipata aibu mwaka 2020, ilipogundulika kwamba makala zake kwa maelfu zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Watu wa kujitolea walibaki na kazi ya kufagia. Toleo likijazwa kwa namna hiyo huwakimbiza wasomaji wale wale liliowakusudia.

Mwalimu: Kuna hasara nyingine isiyohusu ufasaha. Makala ya Kiingereza iliandikwa kwa msomaji wa mbali. Inamweleza Kenya iko wapi, halafu inapita bulla bila kusema kwamba ni mtaa, na inapita laga bila kusema kwamba ni mkondo mkavu unaoweza kujaa maji ghafla na kukata barabara. Tena inamhesabu mkazi wa Dadaab kama mkimbizi tu. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992. Waliozaliwa humo wameshakuwa watu wazima wenye watoto, na pembeni yao wapo wenyeji wa Dadaab waliokuwapo kabla ya hema la kwanza. Mashine haiwezi kuongeza kisichokuwamo.

Tafsiri ina nafasi yake kama rasimu, kwa sharti ambalo wengi hulikwepa: mwandishi afungue vyanzo vya makala ya asili na kuvisoma mwenyewe. Kunakili tanbihi ambayo hajaifungua ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona.

Suala la koo lingeweza kujaza mjadala mzima. Mwanafunzi anauliza kama jina la ukoo liandikwe baada ya jina la kila mwanasiasa, kwa kuwa katika siasa za Garissa kila mtu analijua. Mhariri anajibu kwamba liandikwe pale tu linapoeleza kitu, kwa mfano makubaliano ya wazee kuhusu nani agombee kiti gani yaliyoripotiwa na gazeti; vinginevyo ni kumbandika mtu chapa. Mwalimu anaafiki kwa sababu nzito zaidi: makala za koo ndizo zinazofutwa na kurudishwa usiku kucha, kila upande ukiongeza eneo lake na kupunguza la jirani. Wikipedia ya Kiingereza ililazimika mwaka 2021 kuweka masuala ya Pembe ya Afrika chini ya uangalizi mkali zaidi. Toleo la Kiswahili lina wahariri wachache, na vita vya namna hiyo vinaweza kuwamaliza nguvu.

Kuhusu wasifu, jambo la kwanza ni nani anaandikwa. Wabunge na magavana hawakosi waandishi, wengine wao wakiwa watumishi wa ofisi zao, jambo ambalo ni mgongano wa maslahi hata pale maandishi yanapokuwa sahihi. Wanaokosa ni watu kama Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, aliyezaliwa 1964 na kufariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Katika miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana Wajir, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha kwamba wanawake wa koo zote wanauza na kununua bila kubaguana, kisha wakawavuta wazee na vijana mpaka ikaundwa kamati ya amani ya wilaya. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Makala yake haihitaji neno "shujaa". Inahitaji mfuatano huo, hatua kwa hatua, pamoja na vyanzo vyake.

Kinachobaki ni takwimu, na hapa sauti zote tatu zinakubaliana, ingawa kila moja kwa sababu yake. Sensa ya 2009 iliipa Mandera watu 1,025,756. Ile ya 2019 ikaipa 867,457. Mwandishi anayeziweka nambari hizo sambamba na kuandika kwamba idadi ya watu wa Mandera ilipungua amefanya utafiti wake mwenyewe, na pengine amekosea. Mwaka 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane kwa kuyatilia shaka, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera. Bila maelezo hayo, nambari mbili za kweli zinazaa sentensi ya uongo. Tena takwimu hizi hazina maana ya kitaaluma peke yake. Mgao wa fedha kwa kaunti na mipaka ya majimbo ya uchaguzi hutegemea idadi ya watu, kwa hiyo kosa katika makala linanukuliwa na watu wenye jambo la kupigania.

Matokeo ya 2019 nayo, ambayo yaliipa Garissa watu 841,353 na Wajir 781,263, yalipelekwa mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa iliyabatilisha kuhusiana na maeneo ya kaunti hizo tatu. Kila makala ya Kiswahili inayozitaja takwimu hizo, kuanzia ya kaunti hadi ya kata, inadaiwa sentensi moja inayoeleza ubishi huo, pamoja na rejeo la hukumu na la uamuzi wowote utakaoifuata. Anayeishi Garissa, Wajir au Mandera na kusoma Kiswahili anaweza kuanza na makala ya kata yake: abonyeze "hariri", aongeze sentensi hiyo, ataje chanzo chake, kisha aeleze sababu kwenye ukurasa wa majadiliano.